Waliniuliza Kuhusu Bastola ya Baba Yako

Nasra mwanangu,

Habari za sweta na soksi nimewaachia shangazi zako. Wamelifungua na kulifunga begi lako mara tatu, kila mmoja na lake la kukwambia, na mimi nimekaa pembeni kimya ukadhani nimechoka. Nimechoka kweli, lakini kimya cha leo si cha uchovu.

Mchana nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kufuata barua yako ya utambulisho, ile uliyosema haijagongwa mhuri. Karani, yule dada Pili, alinipokea vizuri.

"Shikamoo, Mama Nasra."

"Marahaba. Nimefuata barua ya mtoto."

"Ipi sasa? Maana ana mbili hapa." Akacheka. "Hii ya utambulisho, na ile aliyomwandikia baba yake. Mama, mtoto wako anajua kuandika. Alhamisi wazee wakiisoma ile, mzee anapitishwa bastola yake bila maswali."

Alidhani najua. Akaniwekea mezani niisome, kama mtu anayekuonyesha picha za harusi. Niliisoma nimesimama. Mwandiko wako, sahihi yako, tarehe ya Jumamosi. "Mimi ni binti yake wa pekee. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona baba yangu akimwinulia mkono mama yangu wala mtu mwingine yeyote. Ni mtu mpole aliyeibiwa mara mbili, na anahitaji kujilinda."

Nikamwambia Pili, imeandikwa vizuri. Nikachukua ile ya utambulisho nikarudi nyumbani, nikakushikia begi ukafunga zipu. Ukaniuliza, "Mama, mbona umenuna?" Nikasema kichwa.

Jumamosi, Nasra. Jumamosi ndiyo siku uliyorudi jioni unanuka mafuta ya samaki wa soko la Feri, ukasema ulikuwa na wenzio mnaagana. Kisha ukaniambia nikae chini, ukanisuka nywele mpaka usiku, unanisimulia habari za chuo chako cha Marekani na mimi nacheka. Mikono ile ile ilikuwa imetoka kuandika. Siku tatu tumekula sahani moja na hukuniambia. Ungeniambia hata kwa ubishi, kama unavyonibishia mambo mengine yote, ningekasirika na ningekujibu. Sasa nimeambiwa na karani.

Sitaficha kwamba nimeumia. Lakini nimeisoma ile sentensi yako kichwani tangu mchana, na kinachoniunguza zaidi ni kwamba hukudanganya hata neno moja. Hujaona. Mimi ndiye niliyehakikisha huoni. Kwa hiyo kaa uisome hii yote, hata kama utaisoma umekasirika.

Baba yako nilimpenda. Niliolewa naye nina miaka kumi na saba, nimeishia kidato cha pili, na nikakuzaa mwaka uliofuata. Yeye alikuwa na duka la vitambaa vya mapazia pale Mtaa wa Aggrey na mimi nilikaa na cherehani juu, ghorofa ya kwanza, tulikoishi. Mteja anachagua chini, anapandishwa kwangu napima. Miaka ile ilikuwa mizuri na sitaki uambiwe vingine. Alikuwa akipanda ngazi mwenyewe na chai yangu, wenzake wanamcheka, "Bosi umekuwa mhudumu?" anawajibu, "Fundi akiondoka nyie mtashona?"

Walimvamia kwenye ngazi za jengo siku anapeleka mauzo benki. Walimpiga kichwani na kitu, wakachukua mfuko. Lile shati nililifua mimi, damu ikagoma kutoka kwenye kola. Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Akisikia hatua nyuma yake anageuka. Mteja akichelewa kutoa mkono kwenye mkoba anamkodolea macho. Na hofu yake ilikuwa ikifika nyumbani inageuka hasira, na hasira yangu mimi haikuwa na pa kwenda. Ndipo alipoanza kusema habari za bastola.

Sasa kidole changu. Nilikuambia ni cherehani. Uliniamini, kwa sababu mafundi wengi vidole vyao vina alama. Si cherehani. Tulikuwa tunafunga duka jioni, nimekosea ufunguo, nikampa wa stoo badala ya wa kufuli kubwa. Nilikuwa nimeshika ukingo wa mlango wa chuma. Aliuvuta. Na kabla hajauvuta aliuangalia mkono wangu. Hilo ndilo nililolificha miaka yote. Aliuona mkono, Nasra. Na hakuuinua wa kwake juu yangu, unavyosema. Aliuvuta mlango tu.

Wewe ulikuwa kwa Bi Tatu jirani. Nilikuja kukuchukua, Bi Tatu akaniona, akakutuma ukacheze nje. Alikifunga kidole kwa kitambaa chake mwenyewe, kwa upole, huku ananiambia, "Haya ya ndani, mwanangu, usiyatoe. Ukiyatoa utakuwa umemvua nguo mumeo, na wewe utabaki umejifunika nini?" Mimi sikuona ubaya wa maneno yale. Ndiyo niliyofundwa. Somo wangu kabla ya harusi alinifundisha siku saba nzima, na katika yote aliyonifundisha, lililorudiwa zaidi ni stara. Mumeo ukimtaja nje, mtaje kwa jema au usimtaje. Nililishika hilo kama dini.

Wiki mbili baadaye maombi yake ya leseni yakafika mtaani. Hapa kwetu huendi dukani ukanunua. Unaanzia kwa watu wa mtaa wako, wanaokujua, wakikupitisha ndipo karatasi zinapanda kata, wilaya na kuendelea. Kwa hiyo nikaitwa. Mabenchi mawili, watu watano, mwenyekiti katikati na Bi Tatu mwisho, maana naye alikuwa mjumbe. Baba yako alitolewa nje asubiri mlangoni.

Mwenyekiti akaniambia, na hakuniambia kwa ubaya, "Mama Nasra, sisi tunamjua wa dukani. Wewe unamjua wa nyumbani. Tuambie bila woga, ana hasira?"

Mkono ulikuwa chini ya khanga, kidole bado kimefungwa. Nikamwangalia Bi Tatu. Bi Tatu akaangalia kalenda ukutani.

Nikasema, "Baba Nasra? Jamani, hata kuku wa Idi tunampelekea jirani atuchinjie."

Walicheka wote. Mzee mmoja akasema, "Basi huyo tukimpa bastola, ataomba na mlinzi wa kumlinda nayo." Wakacheka tena. Karani wa wakati ule akaandika kila kitu kwenye daftari lake, na kuku akamwandika. Nikatoka nje. Baba yako alikuwa amesikia kicheko. Aliniongoza mpaka kwenye banda la chipsi akanilisha chipsi kuku kama wachumba. Na unajua, nilijisikia vizuri. Nataka ulijue hilo pia. Nilirudi nyumbani najiona mke hodari.

Akapewa.

Hajafyatua hata mara moja, tangu aipate mpaka ilipochukuliwa. Alikuwa anaiweka mezani pembeni ya sahani wakati wa chakula cha mchana, ukiwa shule. Mwanzoni nilidhani anaipumzisha tu. Halafu siku nikimpinga jambo, la mteja, la ndugu zake, lolote, anaigeuza kwa kidole kimoja taratibu mpaka mdomo wake unanitazama. Anasema, "Niongezee mchuzi." Namwongezea. Anakula. Ukirudi shule inakuwa imeshafungiwa kabatini, na baba yako anakuuliza leo umefundishwa nini, na wewe unamkalia magotini. Nilikuwa nasimama jikoni nawaangalia najiambia, mwache mtoto na baba yake.

Miezi minane nilivumilia. Siku moja nikajifunga khanga nikarudi pale ofisini. Mabenchi yale yale, watu wale wale. Nikawaambia yote, na la kidole pia. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia karani, "Lete daftari." Akatafuta ukurasa, akanisomea maneno yangu mwenyewe.

"Haya si yako?"

"Ni yangu."

"Sasa Mama Nasra, tukamate lipi? La kuku au la leo?"

Kuna mtu alicheka kidogo, akajizuia. Nikamgeukia Bi Tatu. Nilimsubiri. Nilikuwa na hakika atasema, kwa sababu kitambaa kilikuwa chake na kidole alikishika yeye. Bi Tatu akasema, "Hawa ni wanandoa, wamekorofishana. Wapeni muda."

Sijawahi kuchomwa na neno kama lile, Nasra, mpaka leo mchana.

Nilijua basi kwamba pale sina mtu. Mwezi ule ule tukahama, mimi na wewe na cherehani, tukaja hivi vyumba viwili vya Mtaa wa Sikukuu, chini ya ofisi ile ile ya mtaa. Ukawa unalia unamtaka baba. Nikakuambia kule duka limekuwa na kelele, huwezi kusoma. Hata talaka ilipotoka nilikuambia tumeshindwana tabia. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulikuwa umeshakua, ningeweza kukuambia. Nilikuwa bado namfunika.

Ile bastola ilichukuliwa miaka miwili baadaye, unalikumbuka lile tukio kwa jinsi alivyokusimulia, kwamba walimwonea. Jamaa wa mkokoteni alilikwangua gari lake pale Msimbazi kwenye msongamano, baba yako akashuka, akamwekea bastola kifuani. Mchana kweupe, wauza matunda wanaona, abiria wanaona. Siku hiyo hiyo polisi waliichukua na leseni ikafutwa. Nilifurahi kwa ajili ya yule jamaa. Halafu nikakaa kitandani nikalia, kwa sababu hakuna aliyemletea jamaa yule daftari kumuuliza jana alisema nini.

Sasa baba yako ameruhusiwa kuomba upya, na anaanzia tena mtaani, na safari hii shahidi wa nyumbani ni wewe.

Nakumbuka mwaka jana ulivyopewa ule mdahalo wa kidato cha sita, kama raia wamiliki silaha au wasimiliki. Ulikaa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa na simu mkononi, unanisomea sheria za nchi za watu. Ulidhani sisikilizi kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni. Nilisikiliza kuliko ulivyojua. Wewe ulikuwa unatafuta nani anaruhusiwa na nani anakataliwa. Mimi kila nchi uliyoitaja nilikuwa nasubiri kitu kimoja, wanamuuliza nani.

Ukasema Japani raia hapewi bastola kabisa, na hata bunduki ya kuwindia mtu anasoma darasa, anafanya mtihani, anapimwa na daktari, na polisi wanakwenda kuwauliza familia na majirani. Nikawaza, majirani. Na jirani akiwa Bi Tatu? Ukasema Uingereza polisi anakuja mpaka sebuleni kwako, anaangalia utaifungia wapi. Nikawaza, akija anakuta nimepiga deki na nimepika chai. Kisha ukafika Kanada. Ukasema kwenye fomu ya leseni kuna mahali pa mke kuweka sahihi, hata yule mliyeachana karibuni, na asipoweka, ofisi yenyewe inamtafuta kumjulisha.

Hapo nilitoa pini mdomoni. Nikakuuliza, "Na mke akidanganya?"

Ukacheka. "Mama, hilo halipo kwenye hoja zangu."

"Liweke."

"Nitaliwekaje? Majaji wanataka sheria, mama, hawataki habari za wake za watu."

Ukaendelea na Marekani, huko huko unakokwenda kesho. Ukasema majimbo yanatofautiana sana, lakini pengi mtu anaingia dukani, anajaza fomu, muuzaji anauliza serikali kama huyu ana hukumu, jina likitoka safi anaondoka nayo, na akinunua kwa mtu binafsi sehemu nyingine hata hilo halipo. Ukasema aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mkewe anakatazwa. Ukalisema kwa kujivunia, ukijua nitalipenda.

"Aliyehukumiwa," nikasema.

"Ndiyo, mama, aliyehukumiwa. Watamjuaje mwingine?"

Baba yako hajawahi kuhukumiwa kwa lolote. Kompyuta ya Marekani ingempitisha kabla chai haijapoa. Fomu ya Kanada ningeiwekea sahihi mwenyewe, na kwa mwandiko mzuri. Polisi wa Japani angenikuta nimesimama mlangoni na khanga yangu, ningemwambia habari za kuku. Mara nyingi nimesikia watu wanaitukana sheria yetu, kwamba ni ya kuzungushana ofisi kwa ofisi. Mimi siwezi kuitukana. Sheria yetu ilinifuata mimi, fundi wa mapazia, ikanikalisha kwenye benchi ikaniuliza kabla ya kumuuliza mkubwa yeyote. Kinywa kilichoshindwa kilikuwa changu.

Nimelijua hilo peke yangu, kwa shida, na sina lingine kubwa la kukupa. Huko unakokwenda utampenda mtu siku moja. Hakuna mwenyekiti atakayekuita kwenye benchi. Akikufanyia jambo, usilihifadhi kwa ajili ya heshima yake, na usiniogope mimi kwamba nitaona aibu. Mwambie mtu wakati bado ni jambo dogo na unaona haya kulisema. Mimi nilingoja mpaka likawa kubwa, na lilipokuwa kubwa maneno yangu yalikuwa yameshaandikwa upande wake.

Kuhusu baba yako. Naamini ameibiwa tena, naamini anaogopa. Alipokukalisha pale Feri Jumamosi, maana najua alikuwa yeye, akakuambia anageuka kila akisikia hatua, hakukudanganya. Mhurumie, mimi mwenyewe namhurumia. Sikuombi umchukie wala uache kumpigia simu. Lakini alijua hujaona, akakuomba uandike kuhusu usichokiona. Alichagua vizuri. Angeniomba mimi, anajua jibu. Amekutumia wewe kama nilivyojiachia kutumiwa mimi, na wote wawili tulimfanyia kwa mapenzi. Hilo linaniuma kuliko la Jumamosi.

Na mimi ndiye niliyekukosea kwanza. Nilikuambia cherehani. Nilikuambia kelele za duka. Umemsaliti mama ambaye hakukupa cha kumlinda nacho, na sijui kosa hilo ni lako kiasi gani. La kwako ni moja tu, hukuniuliza. Ulijua kuna jambo ndiyo maana ulikwenda kimya. Mtu anayedhani hakuna kitu hadanganyi harufu ya samaki imetoka wapi.

Alhamisi nitakwenda. Mwenyekiti ni mwingine siku hizi, lakini daftari ni lile lile, na najua watalitoa. La kuku nitasema nilidanganya, na nitasema kwa nini. Wakinisomea la kwako, sitasema binti yangu ni mwongo, wala sitaruhusu mtu mwingine aseme. Nitasema ameandika alichokiona. Najua itakavyokuwa, mama anasema hivi, mtoto msomi anasema vile, na mtoto yuko Marekani hawezi kuulizwa. Pengine watacheka tena. Nitamaliza kusema wakiwa wanacheka. Lakini nikishindwa safari hii, Nasra, mwanamke mwingine anakula meza moja na ile bastola. Ameoa, unajua, na yule binti ana mimba. Kakuzidi miaka mitatu.

Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi. Gari la kukupeleka uwanjani linakuja saa sita. Barua ya utambulisho iko tayari ndani ya bahasha ya pasi yako, kwa hiyo huna sababu nyingine ya kupita pale. Aliyeandika barua anaweza kuiomba irudishwe, nilimuuliza Pili kabla sijaondoka, akasema ni kusaini tu kwenye kitabu. Nimeamua sikusindikizi huko na sitamtuma mtu akuangalie. Kuanzia saa moja nitakuwa juu kwa fundi mwenzangu, nina mapazia ya mtu wa Upanga anayafuata saa tano, na nitarudi kukupeleka uwanjani tukiwa wawili. Ndani ya gari sitakuuliza ulikwenda au hukwenda. Nitajua Alhamisi wakifungua faili.

Ukifika, piga. Hata kama jina lako bado lipo kwenye lile faili, nitapokea.

Mama yako